Wakfu na Mradi: Fikra za Mhakiki wa Amu juu ya Fedha za Ng'ambo

Neno wakfu limesafiri mbali katika Kiswahili cha zama zetu. Limetoka msikitini likaingia maofisini, wala halikubisha hodi. Magazeti huandika Wakfu wa Ford, Wakfu wa Rockefeller, na msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hapati tabu yoyote. Ajua kwamba ni shirika tajiri la ng'ambo litoalo misaada. Kwetu Amu neno hili lina uzito mwingine. Wakfu ni nyumba, au kisima, au shamba la minazi, au hata juzuu moja ya msahafu, ambayo mwenyewe ameitoa mikononi mwake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Asili hufungwa, manufaa huachiliwa. Wakfu una msimamizi wake, naye huishi mtaani, na watu humuuliza habari zake atokapo msikitini. Nilipokuwa mtoto chuoni nilijua kuyasoma maneno ya wakfu, yaliyoandikwa kwa mkono kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu, kabla sijajua kwamba kitabu kina mchapishaji.

Tukitazama muundo wake tu, Wakfu wa Ford, ulioasisiwa Michigan mwaka 1936 na ambao makao yake yako New York, haukukaa mbali na maana hiyo ya wazee. Mali imewekwa ilindwe, na kinachotumika aghalabu ni faida yake. Ndivyo ulivyo pia ule wa Rockefeller, ulioanza mwaka 1913. Kinachotufikia pwani, lakini, hakina sura ya wakfu. Hutufikia mradi. Mradi una mwezi wa kuanza na mwezi wa kwisha, una bajeti, una ripoti ya katikati na ripoti ya mwisho, na msimamizi wake halisi yuko mahali ambapo hatuwezi kumsubiri nje ya msikiti. Wakfu hubaki kwao. Kwetu huja mradi. Katika insha hii nataka kuitazama tofauti hiyo kwa jicho la mhakiki wa fasihi, kwa sababu naamini imeacha alama ndani ya tungo zenyewe, wala haikuishia kwenye vitabu vya hesabu.

Sisemi haya kama mtu aliyekaa pembeni. Karo ya masomo yangu ya juu ililipwa kwa fedha kama hizo, na wengi wa wenzangu katika idara zetu za Kiswahili wamekula katika sinia hiyohiyo. Mwaka 1960, Tom Mboya na wenzake walipotafuta nauli ya kuwapeleka vijana wetu vyuoni Marekani, Wakfu wa Joseph P. Kennedy Mdogo ulitoa dola 100,000, na ndege zikaruka. Mtu asiye na shukrani kwa jambo kama hilo hana budi kujichunguza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Wakfu wa Ford uligharimia uchunguzi mkubwa wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika nchi za Afrika Mashariki, na kitabu cha Kenya, kilichohaririwa na W. H. Whiteley, kilitoka mwaka 1974. Mpaka leo mwanafunzi wa isimujamii akitaka kujua Wakenya walizungumza nini na nani katika miaka ile, hana pa kukimbilia ila huko. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, bila shaka, nacho ni kitabu juu yetu kuliko kitabu chetu. Lakini kipo, na kazi iliyomo ni ya kweli.

Mfano unaotia shaka zaidi ni ule wa Makerere, Juni 1962. Waandishi wa Kiafrika walialikwa Kampala kwa mkutano uliokuwa na sharti moja kubwa: awe ni mwandishi wa Kiingereza. Waandalizi walikuwa Kongresi ya Uhuru wa Utamaduni, na fedha zake zilipitia, miongoni mwa njia nyingine, Wakfu wa Farfield wa Marekani. Baadaye, mwaka 1966 na 1967, magazeti ya Marekani yakafichua kwamba nyuma yake walikuwa CIA. Farfield ulikuwa wakfu kwa jina, mfereji tu wa kupitishia maji ya mwingine. Wahakiki wamelishughulikia sana jambo hilo la ujasusi. Mimi hunikera zaidi lile sharti la lugha, ambalo halikuwa siri hata siku moja. Shaaban Robert, ambaye alikuwa ameandika Kiswahili maisha yake yote, alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962. Kwa sharti lile hakustahili mwaliko. Mfadhili hakumkataa mtunzi fulani. Alichagua lugha kwanza, na lugha ikawachagua watu kwa niaba yake.

Msomaji asidhani kwamba kabla ya hapo tungo za Amu zilizaliwa katika usafi usioguswa na mkono wa mlipaji. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee sana, aliandika miswada mingi mno kwa ajili ya Wazungu: kwa Alice Werner, kwa William Hichens, kwa Ernst Dammann na mkewe waliofika Amu katika miaka ya 1930. Kijuma alikuwa mwandishi wa hati nzuri, mchongaji, mpigaji wa kibangala, mtunzi, na mtu aliyejua thamani ya kazi yake. Utendi wa Fumo Liyongo tunaousomesha madarasani umetufikia kwa mkono wake. Miswada yake mingi leo iko London na Ujerumani, na mwanafunzi wangu akitaka kuigusa atahitaji viza. Hata hivyo, ukifika mwisho wa mswada wa Kijuma, mara nyingi utalikuta jina lake na tarehe yake. Alilipwa, akauza karatasi, lakini hakuliuza jina. Naiona hiyo kuwa tofauti kubwa kati ya mtu wa kazi na mtu wa mradi, nami nitairudia.

Sasa niingie katika elimu ya uraia, maana huko ndiko fedha za ng'ambo zilikomiminika zaidi tangu vyama vingi viliporudi nchini Kenya mwishoni mwa 1991. Kabla ya uchaguzi wa 2002 kulikuwa na mpango mkubwa wa kitaifa wa kuwafunza raia haki zao, uliogharimiwa na wafadhili kadhaa wa Marekani na Ulaya, na baada yake ukafuatwa na mwingine uliojulikana kwa jina la Uraia. Vijitabu vilifika Amu, Faza, Kizingitini na Mpeketoni. Kiswahili chake kilikuwa cha aina ya peke yake: wadau, kujenga uwezo, utawala bora, kuwezesha. Hakuna kosa la sarufi ndani yake. Ni Kiswahili ambacho hakikuwahi kusemwa na mtu yeyote akiwa amekaa barazani.

Hata neno raia lenyewe lilistahili kuulizwa. Kwa asili yake ya Kiarabu, raia ni wale wachungwao. Lina shina moja na neno la mchungaji wa kondoo. Kumfunza mtu uraia kwa neno hilo, ilhali somo lenyewe ni kwamba yeye ndiye mwenye serikali, ni jambo lenye kinaya ambacho mhakiki hawezi kukipita kimya. Katika Kiamu kuna maneno mengine. Kuna mwana wa mui. Kuna mwungwana. Kulikuwa na Yumbe, nyumba ya baraza ambamo wakuu wa Amu walikutana na kuamua mambo ya mji hadi utawala wa nje ulipoiondolea nguvu. Kulikuwa na mitaa na pande zilizoshindana, Zena na Suudi, na ushindani huo ulisemwa kwa mashairi. Bwana Zahidi Mngumi, wakati wa uhasama na Mombasa na Pate uliofikia vita vya Shela karibu na mwaka 1812, alitunga tungo za siasa ambazo leo tungeziita, kwa lugha ya vijitabu, uhamasishaji wa umma.

Lakini hapa lazima nijizuie nisije nikajenga Amu ya ndotoni. Yumbe haikuwa ya kila mtu. Mtumwa hakuketi humo, wala mwanamke, wala mgeni aliyehamia jana. Neno mwungwana lilikuwa na kinyume chake, na kinyume hicho walikuwa watu waliokuwa wakibeba mawe na kulima bara. Vile vijitabu vya Kiswahili kikavu vilikuja na sentensi moja ambayo Yumbe haikuwahi kuisema: kwamba Mwaweer wa msituni, binti wa Langoni, Mbajuni wa Kiwayuu na sharifu wa Mkomani wana kura moja moja. Sentensi hiyo haina mdundo wala vina. Ni sentensi nzuri zaidi ya nyingi nilizozisoma katika diwani zetu.

Na si ya kuning'inizwa ukutani tu. Wavuvi wa Amu walipokwenda Mahakama Kuu kupinga jinsi bandari ya LAPSSET ilivyoanzishwa bila ya wao kuulizwa, hukumu ya 30 Aprili 2018 iliwapa fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, na sababu mojawapo kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ushirikishwaji wa umma: neno refu, zito, lililoingia katika Katiba ya 2010 na kuhubiriwa katika semina zilizolipiwa na watu wa mbali. Nimewasikia mabaharia wakilitamka bila ya kigugumizi. Basi mhakiki atakayesema kwamba lugha ya mradi ni maiti, ajibu kwanza kwa nini maiti huyu ameshinda kesi.

Shaka yangu iko kwingine: katika kile kinachotokea mradi unapoligusa shairi.

Pwani ilikuwa na elimu ya uraia katika ushairi hata kabla ya mipango hii. Katika kinyang'anyiro cha ubunge cha Lamu Mashariki katikati ya miaka ya 1970 walitokea watunzi wa pande mbili waliojibizana kwa tungo zilizoitwa Kimwondo. Zilitungwa, zikaimbwa, zikarekodiwa katika kanda, kanda zikapita madukani na majahazini. Wanawake walishiriki pia. Assibi Amidu alizichunguza katika kitabu kilichochapishwa Vienna mwaka 1990. Hakukuwa na bajeti. Kulikuwa na matusi yaliyofichwa vizuri, hoja, chuki, mzaha, na hadhira iliyojua kila fumbo linamlenga nani. Sidai kwamba tungo zile zilikuwa za haki. Nadai kwamba kila utungo ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikutana kesho yake sokoni na mtu aliyemtungia.

Linganisha na tukio nililolishuhudia nikiwa mfasiri wa kukodishwa. Shirika moja, ambalo fedha zake zilitoka upande wa pili wa Atlantiki, lilitaka utenzi wa kuwahimiza watu wajiandikishe kupiga kura. Nililiunganisha na mtunzi mmoja wa Langoni, mzee mwenye ulimi wa shaba. Akatunga beti zipatazo arubaini. Alianza kama ilivyo ada, kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume, akaingia katika maudhui, akamaliza kwa jina lake, jina la baba yake, mtaa wake na tarehe ya Hijria. Ulipelekwa Nairobi, ukarudi na maelekezo. Beti za mwanzo ziondolewe, kwani fedha zile hazikuruhusiwa kugharimia mambo ya dini. Beti za mwisho ziondolewe, kwani mahali pake patawekwa nembo za wafadhili. Za katikati zisizidi dakika tatu. Kiamu kibadilishwe kiwe Kiswahili sanifu ili utenzi utumike pia Garissa.

Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa kilichokatwa hapo. Ufunguzi na tamati ya utenzi ni sehemu ya umbo lake kama mlango na uwanda vilivyo sehemu za nyumba ya mawe ya Mkomani. Ufunguzi humweka mtunzi chini ya mamlaka kubwa kuliko yeye na kuliko anayemlipa. Tamati humweka mbele ya jirani zake, ili wajue nani wa kumuuliza. Ukiviondoa viwili hivyo, kinachobaki ni tangazo lenye vina. Nilimfikishia mzee maelekezo yale nikitazamia hasira. Alicheka. Akaniuliza kama wafadhili walitaka pia kuondolewa sauti yake, maana hiyo nayo ni ya Langoni. Kisha akawakatia beti zao kumi na mbili, akachukua ujira wake, na zile arubaini akaziandika katika daftari kwa hati yake. Zile kumi na mbili zilichapishwa kwenye kalenda. Kalenda moja niliiona dukani miaka mingi baada ya mwaka wake kupita, ikiwa bado imetundikwa kwa sababu ya picha ya jahazi. Hakuna jina la mtu juu yake.

Haya hayatokei kwa sababu wafadhili ni watu wabaya. Wengi niliokutana nao walikuwa waungwana kuliko sisi tuliowatafsiria. Hutokea kwa sababu mradi hauna namna ya kungoja. Wakfu hungoja. Juzuu iliyowekwa wakfu hukaa rafuni miaka thelathini bila ya kuguswa, halafu anakuja mtoto mmoja. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Saleh na wafuasi wake mwanzoni mwa karne ya 20, mingi ilifika pale kwa njia hiyo, na baadhi yake bado ina maneno ya wakfu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilipigwa picha za kidijitali chini ya programu ya Maktaba ya Uingereza iliyogharimiwa na wakfu wa Arcadia. Kazi ile ilifanywa kwa adabu: vitabu vyenyewe havikutoka Amu. Oktoba 2023 mitambo ya maktaba hiyo ya London ilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, na kwa muda mrefu picha zile hazikuweza kufikika. Vitabu vilikuwa Riyadha wakati wote huo.

Kuna mifano mingine ya adabu, nami ningekuwa dhalimu kuinyamazia. Ustadh Mahmoud Ahmad Abdulkadir, maarufu Mahmoud Mau, muoka mikate, imamu na mtunzi aliyezaliwa Amu mwaka 1952, ametunga kwa miaka mingi juu ya ukimwi, malezi ya mabinti na elimu, bila ya kungoja semina. Mwaka 2023 tungo zake zilitolewa na Brill, zikihaririwa na Annachiara Raia na Clarissa Vierke, na kitabu husomwa bure mtandaoni. Kiamu chake hakikusanifishwa. Jina lake lipo. Fedha za nje zinaweza kumbeba mtunzi na tamati yake.

Upande wa Marekani hali ilikuwa na utata wake, kwa sababu huko ng'ambo wakfu wa watu binafsi na mkono wa serikali hutofautiana kisheria, lakini Amu wote huitwa mfadhili. Baada ya Septemba 2001 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa YES, mwaka 2002, wa kuwachukua vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakaishi mwaka mmoja na jamaa za Kimarekani. Vijana wa Kenya wamo. Wakati huohuo, ng'ambo ya mkondo kutoka mjini kwetu, wanajeshi wa Marekani walikuwa Manda Bay, ambako Wamarekani watatu waliuawa katika shambulio la Al-Shabaab tarehe 5 Januari 2020. Mtu wa Amu aliyeketi katika semina ya haki za raia mchana, na kuzisikia ndege za Manda usiku, aliyasoma yote mawili kama maandishi ya mkono mmoja. Siwezi kusema alikosea kusoma.

Halafu fedha zikakatika. Tarehe 20 Januari 2025 Washington ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia 1 Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa na mabaki yake kuhamishiwa wizarani. Vijana niliowafundisha, waliokuwa wakiishi kwa kuandika maandiko ya miradi, walirudi nyumbani na ufundi mkubwa wa utanzu ambao msomaji wake amekwenda zake. Nasema utanzu kwa makusudi. Andiko la mradi lina fani yake: lina ufunguzi wa lazima, wahusika bapa wanaoitwa walengwa, mgogoro unaotatuliwa katika miezi kumi na minane, na mwisho mwema uliojulikana kabla ya kisa kuanza. Huenda kwa miaka thelathini limeandikwa na wahitimu wetu kuliko riwaya, na sijaona tasnifu hata moja juu yake katika idara yetu.

Mwaka uliopita nilizungumza na wazee wawili na wakili mmoja juu ya kuanzisha wakfu wa kuchapisha tungo za Amu. Mahitaji yake ni machache: nyumba moja katika Usita wa Mui yenye duka chini, kodi ya duka ilipe mchapaji kila mwaka, kitabu kimoja kwa mwaka, hata kiwe na kurasa sitini. Sheria ya nchi inaruhusu, na makamishna wa wakfu wapo. Tulibishana zaidi juu ya msimamizi. Mzee mmoja alitaka awe mtu wa Mkomani. Mwingine akauliza kwa nini si wa Langoni. Wakili akataka kamati yenye wanawake wawili, na hilo likachukua alasiri nzima. Hatukufikia kwenye daftari la yule mtunzi, ambalo lilikuwa ndilo la kuchapishwa kwanza. Nyumba tuliyokuwa tumeifikiria ilikuwa ya warithi saba. Wageni wamekuwa wakinunua nyumba za mawe za Amu kwa bei ambayo mwenyeji haifikii, na warithi watano kati ya saba walikuwa tayari wamekubali kuuza.